Hapa ni Kwenu

Ilala, Ijumaa jioni

Mwanangu Zuhura,

Mimi, baba yako mzazi, kwa mamlaka niliyonayo katika nyumba hii, ambayo ni madogo na yanapungua kila mwaka, natangaza rasmi kwamba ndoo ya bluu haisafiri. Uamuzi huu umefikiwa baada ya mazungumzo ya siku tatu kati yangu na mama yako, mazungumzo ambayo mimi sikuongea. Ndoo itabaki Ilala. Mwanza kuna ndoo. Ziwa zima lile, unadhani wanachotea viganja? Rufaa haipokelewi.

Mengine mama yako ameshakuambia, na aliyoyasahau atakuambia kesho dirishani basi likiwa limeshaanza kutembea. Neti, dawa ya minyoo, wanaume, unga usiweke karibu na sabuni. Sirudii. Mimi nina jambo moja tu, na limenikasirisha tangu Jumapili, kwa hiyo ukiona mwandiko umechimba karatasi usidhani ni ubovu wa kalamu.

Jumapili shangazi yako Hadija alipiga simu kutoka Mwanza. Wewe ulikuwa umeenda Kariakoo kutafuta begi. Mama yako akaweka spika ili tusikie wote, na shangazi yako, ambaye hata bila spika anasikika, akasema amefurahi mno. Chuo chenu kinaanza masomo wiki ijayo, na vyumba vya hosteli vitagawiwa "baadaye", neno ambalo vyuo vyetu hulitumia kama tarehe. Basi, akasema, mtoto afikie kwangu wiki mbili tatu mpaka mambo yake yakae sawa, hapa ni kwao. Mama yako akashukuru. Mimi nikashukuru. Kisha akaongeza, kwa furaha ile ile, kwamba tena imekuwa heri, maana binti wa mgahawani kwake kaondoka, kwa hiyo utamshikiashikia asubuhi kabla hujaenda darasani.

Kushikiashikia. Nimekaa mjini miaka mingi na sikusoma sana, lakini hili nimelisoma: kazi ikitajwa mara moja ina mshahara, ikitajwa mara mbili haina. Kupika ni ajira. Kupikapika ni undugu.

Nilimwambia mama yako azime spika, nikachukua simu, nikamwambia dada yangu kwamba nitakupangia chumba. Kisha yakaja yote. Mtoto wa kaka yangu alipie pa kulala, kama mtu aliyezaliwa stendi? Majirani zangu watanionaje? Nimekukosea nini, kaka? Nikasema hujanikosea. Basi sema kilichokukera, akasema. Sikusema. Nikasema mtandao unakatika, nikakata mwenyewe. Mama yako akanitazama kama anavyomtazama mteja wa dukani kwetu aliyegusa zipu zote na hanunui hata moja. Alisema ninakutia aibu wewe, ninamtia aibu yeye, na kwamba duka limeniharibu, sasa naona hata damu yangu ina bei. Hajaongea nami sawasawa tangu siku hiyo. Nguo zako anazipiga pasi kwa hasira, ndiyo maana zimenyooka vile.

Wote wawili wanataka sababu. Ninayo. Ni ya miaka tisa iliyopita, na jina lake unalijua. Selemani.

Ulikuwa darasa la nne. Unamkumbuka Kaka Sele kwa sababu ndiye aliyekutoa kwenye sehemu, zile hesabu za kugawa, zilizokuwa zinakuliza kila jioni na mimi najifanya nimechoka kumbe nami sizijui. Na unamkumbuka kwa sababu aliondoka bila kuaga. Ulilia, ukasusa chakula, kisha ukachukua wembe ukakwangua jina lake kwenye jalada la daftari lako la hisabati. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikakuambia ndivyo walimwengu walivyo, unamkaribisha mtu nyumbani kwako, siku ya kuondoka hata mkono hakupi. Naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujanichukia. Baada ya mwisho, hiari yako.

Baba yake ni Mzee Bakari wa Masasi, tuliyekua naye. Alinipigia akasema kijana wake amepata chuo hapa mjini, anakuja kusomea mambo ya maabara, masomo yameanza lakini hosteli bado. Naomba umstiri wiki mbili tu, akasema. Nikamwambia Bakari, unaombaje kitu cha kwako? Hapa ni kwao. Niliongea kwa sauti kubwa kwa sababu dukani kulikuwa na wateja, na mtu akiwa mkarimu hupenda asikike.

Sele akaja na begi moja na mfuko wa korosho alizobangua mama yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Zuhura, tulipona. Tulipona vizuri sana.

Alilala sebuleni. Wewe hujawahi kulala sebuleni kwa watu, kwa hiyo nikueleze. Anayelala sebuleni halali mpaka tamthilia iishe, na anaamka kabla ya wa kwanza kupita kwenda chooni. Hawezi kuwasha taa asome, luku ya umeme si yake. Hawezi kuzima redio, redio si yake. Hawezi kununa, maana atamnunia nani, waliomstiri? Akishiba anaambiwa hajala, akila sana hapana anayesema, ila kila mtu ameona. Mimi nilikuwa natoka chumbani alfajiri nakuta godoro limeshakunjwa limesimamishwa nyuma ya mlango na kijana amekaa kwenye stuli, kitabu kiko gotini hajakifungua, anasubiri nimwambie "twende." Nilikuwa namsifia kwa watu kwamba ana adabu.

Dukani wiki ya kwanza alikuja kunisindikiza. Ya pili alikuja kunisaidia. Ya tatu akawa anafungua yeye, mimi nakuja nikishamaliza chai. Unayajua maboksi yetu ya vifungo, kila boksi limeshonewa kifungo kimoja kwa nje ili fundi aonyeshe kwa kidole asiseme maneno mengi? Kazi yake Sele. Kabla yake nilikuwa nafungua maboksi kumi kutafuta kifungo cha kijani. Mpaka leo wateja wananisifu kwa akili ile, na mimi hujibu "tunajitahidi."

Halafu jioni, amechoka, anakaa na wewe sakafuni anakata chapati vipande vinane.

Ikafika Novemba. Mafundi wa Kariakoo wameanza kukusanya vitu vya sare za Januari, na anayeuza zipu na nyuzi huo ndio msimu wake, akiukosa amekosa mwaka. Siku hiyo nilimtuma Sele kwa fundi mmoja huku Ilala apeleke nyuzi. Simu yake ndogo ya vitufe alikuwa ameiacha dukani inachaji. Ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikapokea. Nilipokea kwa nia njema kabisa. Nia mbaya ilikuja baadaye kidogo, kama dakika mbili.

Alikuwa mwenzake wa darasani, Juma. Akaniamkia, shikamoo, marahaba, akasema naomba umwambie Sele jina lake limetoka, kitanda cha hosteli kipo, ila mwisho wa kuripoti ni kesho saa tisa alasiri, asipotokea anapewa mwingine. Nikasema nitamwambia. Akasema tafadhali mzee usisahau. Nikasema nitasahauje?

Sikusahau. Sele alirudi jasho linamtiririka, akakuta nimemnunulia soda, jambo ambalo sikuwa nalifanya. Nikamwambia kesho mzigo unashushwa, tuwahi. Akasema sawa, baba. Sikumwongopea hata neno. Sikumwambia tu. Itazame tofauti hiyo vizuri, mwanangu, maana mimi nimeishi ndani yake miaka tisa. Ina nafasi ya mtu mmoja na haina dirisha.

Usiku ule nilijikusanyia sababu kama mtu anayeokota vifungo vilivyomwagika. Hosteli wanabanana. Chakula chao uji. Kuna wahuni. Baba yake amenikabidhi mimi, hakuwakabidhi wao. Na kuna Zuhura na hesabu zake, mtihani unakuja. Ndiyo, hata wewe nilikutumia. Kesho yake alasiri nilikuwa nimesimama naitazama saa ya ukutani, na Sele yuko juu ya ngazi ananipokeza katoni za nyuzi nyeupe. Saa tisa ikafika. Ikapita. Hakuna kilichotokea. Nakuapia, nilitegemea angalau kitu kianguke. Mteja akaingia akaulizia zipu ya inchi saba, nikampa, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Sele mwenyewe akaenda ofisini kwao kuuliza. Alirudi tukiwa mezani. Akasema ameambiwa jina lilibandikwa, hakuripoti, kitanda kimeenda. Mama yako akasema maskini, pole. Wewe ulikuwa unashangilia kwamba hahami. Na mimi, Zuhura, nikaweka kijiko chini kwa heshima nikasema, "Mungu hakupanga. Kaa, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Akaniambia ahsante, baba.

Tangu Jumapili nimekuwa nikimkasirikia shangazi yako, chuo chenu, mama yako na pasi yake, na zote ni hasira za kukopa. Yenyewe iko hapa, kwenye ile ahsante. Angenitukana ningepata pa kushika.

Akakaa mwaka wote. Nikasema sasa amekuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haulizwi kama ana kipindi asubuhi. Siku ya mzigo hakwenda chuo. Siku mama yako alipougua hakwenda chuo. Siku ya mtihani wa majaribio alikwenda akarudi mbio kwa sababu nilikuwa na msiba Temeke na duka lisingeweza kufungwa, nilisema hivyo, lisingeweza, kama vile duka ni mtoto mchanga. Matokeo yalipotoka akawa amedisko. Ndivyo wanavyosema wenyewe, maana yake chuo kimekutoa. Nikashangaa kwa sauti. Nikamwambia Mzee Bakari kwenye simu kwamba masomo ya siku hizi magumu, na vijana wanachanganywa na mji. Mji! Kijana aliyekuwa anaujua mji huu kutoka sebuleni kwangu mpaka dukani kwangu.

Sasa nifike pale nisipopataka.

Siku aliyoondoka ilikuwa Jumamosi. Wewe na mama yako mlikwenda harusini Upanga tangu asubuhi. Sele alikuja dukani na begi lake, amevaa lile shati alilokuja nalo. Akasubiri mteja atoke.

"Nimekuja kukuaga, baba," akasema.

Nikamwambia mbona ghafla, ungesubiri wenzako warudi. Akasema basi la Masasi haliwasubiri. Nikaanza kutafutatafuta mfukoni nauli ya kumpa, maana mtu mwenye hatia mkono wake hukimbilia mfukoni. Akasema anayo. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayekutajia bei:

"Juma aliniambia alizungumza na wewe."

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu Januari. Januari! Yaani miezi yote ile ananifungulia duka, ananiamkia, anakula na sisi, anakufundisha, anajua. Nikapata hata ujasiri wa kukasirika.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelala wapi?"

Akaweka ufunguo wa duka juu ya kaunta, akapanga vizuri mkasi uliokuwa umelala ovyo, na akaniomba jambo moja. Mwambie Zuhura, akasema, mazoezi ya ukurasa wa sitini nimeshamsahihishia, amekosa moja tu, na hiyo moja ni haraka, si kutojua.

Sikukuambia. Mliporudi na pilau ya harusini mkauliza Sele yuko wapi, nikasema kaondoka, hata kuaga hakuaga. Ningesema ameaga, mama yako angeuliza alisemaje. Kwa hiyo nilimnyang'anya kitanda mara ya kwanza, na mara ya pili nikamnyang'anya hata kwaheri yake. Salamu zako hizo. Zimechelewa miaka tisa. Ulikosa moja tu.

Mzee Bakari bado hunipigia kila Idi. Hunishukuru. Anasema ulimlea mwanangu mwaka mzima kama wako, Mungu atakulipa. Maana yake Sele hakumwambia hata baba yake. Nasikia yuko Lindi, anauza vioo na makava ya simu. Sijamtafuta. Nimeishika simu mara nyingi nikaiweka chini, na ninajua unachokifikiria, na uko sahihi. Kama siku moja utamtafuta wewe, usimwambie nimekutuma, maana sikukutuma.

Haya. Sasa unaelewa kwa nini Jumapili nilisema mtandao unakatika.

Shangazi yako si mtu mbaya, Zuhura. Hapo ndipo penye hatari. Mtu mbaya ungemtoroka wiki ya kwanza na watu wakakupongeza. Mimi pia si mtu mbaya, muulize yeyote mtaa huu, atakuambia Baba Zuhura ana roho safi, hajawahi kumfungia mgeni mlango. Ni kweli. Sikuufunga wa kuingilia. Shangazi yako atakupenda, atakupa mnofu wa samaki mkubwa, atakutambulisha kwa majirani kwamba huyu ni wa kaka yangu wa Dar, anasoma chuo. Halafu asubuhi kuna vitumbua, na hakuna mtu, na wewe uko macho. Hatakulazimisha. Atahema tu. Na siku utakayosema unahama atakuuliza lile swali lake, nimekukosea nini, na itabidi utafute kosa la mtu aliyekulisha. Kwenye chumba cha kulipia mwezi ukiisha unatoka. Kwa ndugu, kutoka kunataka ugomvi. Ndiyo maana wengi hawatoki.

Mimi mwenyewe nilipokuja Bongo sikufikia kwa ndugu, na haikuwa akili, ni kwamba ndugu aliyeandikiwa barua hakujibu. Nilipanga kitanda Kariakoo kwa Bibi Salme. Nimesema kitanda, sikusema chumba. Mchana alilala mlinzi wa ghala, usiku nalala mimi. Nikiingia godoro bado lina joto lake. Yule bibi alikuwa mjukuu wa Waarabu wa zamani wa mtaa ule, ana duka la ubani na sukari guru chini, hacheki na mtu. Siku ya kwanza alinionyesha bomba, choo na siku ya kulipa, akamaliza. Kwa mwaka mzima hakunipa hata kikombe cha chai. Na kwa mwaka mzima hakunituma hata kitunguu. Nilimwona mkavu, nikawa namsema kwa wenzangu. Imenichukua miaka na kumharibia mtoto wa watu maisha kuja kuelewa kwamba yule bibi ndiye mtu pekee mjini hapa aliyeniheshimu. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kile kitanda kilikuwa changu, na angekuja nani, angebisha hodi.

Ninapokasirikia vyuo sikasiriki kwa utani. Kila mwaka nawaona kutoka kaunta yangu. Wiki ileile mtaa unajaa vijana wa mikoani, mabegi mgongoni, simu mkononi, wanauliza chumba kwa dalali ambaye kwanza anataka hela ya kuwaonyesha mlango, na mwenye mlango anataka kodi ya miezi sita kwa mtu anayehitaji wiki tatu. Nani aliyekaa ofisini akaamua darasa lifunguliwe kabla ya kitanda? Alidhani mnakuja kulala mmesimama, kama farasi? Halafu wanasema "wanafunzi watafute malazi ya muda kwa ndugu na jamaa." Wameiandika kabisa kwenye barua yako ya kujiunga, aya ya nne, nimeisoma mara tatu. Serikali ikikosa bweni, shangazi ndiye bweni. Na shangazi naye kakosa mfanyakazi. Hesabu inakaa sawa kwa kila mtu isipokuwa kwa aliye sakafuni.

Kwa hiyo nimekupangia chumba. Fundi Mashaka, yule wa suti, ana dada yake Mwanza ana nyumba nyuma ya chuo chenu, na kwa kunihurumia, au kwa kuwa kaka yake namdai hela za zipu, amekubali kodi ya mwezi mmoja mmoja mpaka hosteli itoke. Nimeongea naye mara mbili. Ni mkavu, nimempenda. Chumba kidogo, kitanda kipo, choo ni cha pamoja na wapangaji watatu. Kina mlango, mlango una ufunguo, nimeuliza. Utakapokuwa ndani umefunga, na nje mtu anahema, muache aheme. Kwa shangazi nenda Jumapili mchana ukiwa umevaa vizuri, beba hata matunda, kula, osha sahani yako moja, uage kabla ya jua kuzama. Atakupenda zaidi akikukosa.

Na jina lako likitoka ubaoni, usimwachie mtu simu yako.

Najua mama yako ataisoma barua hii kabla yako. Bahasha nimeiacha wazi na nimeiweka juu ya begi lako, mahali anapopekua. Nilitaka nimwambie mwenyewe, lakini miaka tisa nimekuwa mtu mwenye roho safi ndani ya nyumba hii na sikujua nianzie wapi kuivua sifa hiyo. Sasa hivi pasi imenyamaza. Sijui kama amemaliza nguo au anasikiliza kalamu.

Ungekuwa mdogo ningekuambia hapa ni kwenu, rudi wakati wowote. Umekua, nakuambia tofauti kidogo: rudi ukitaka, ondoka ukitaka, na ukitaka kuondoka hutaulizwa swali. Hiyo ndiyo zawadi niliyonayo. Ningekuwa nayo mapema, ningempa mwingine kwanza.

Nilikuwa nimeandika hapa "ni mimi baba yako" nikakata, kwa sababu simu imelia. Ni dada yake Mashaka. Aliyemo kwenye kile chumba hatoki mpaka Jumatatu, na basi lako linafika Mwanza kesho usiku.

Nimempigia shangazi yako. Atakupokea stendi.